Albamu Tuliyoingojea kwa Macho

Harufu ya naftalini ikinikuta popote, dukani au kwenye koti la mtu aliyeketi mbele yangu kanisani, mikono yangu hutaka kutulia magotini. Ndivyo tulivyofundishwa kukaa nyumbani kwetu Majimoto kila sanduku la bati lilipofunguliwa na albamu ya picha kutolewa. Yetu ilikuwa na jalada jekundu la maua, na kurasa za nailoni zilizogandana kwa joto. Mgeni akifika, kabla wali haujaiva, alipewa albamu. Aliitazama yote kwa heshima, hata kama aliitazama mwezi uliopita, na mtoto mmoja alisimama pembeni kumweleza nani ni nani. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Kwa hiyo neno albamu kwetu lilikuwa na maana moja tu, na hatukuona haja ya nyingine.

Ndipo redio iliposema kwamba Milala Jazi, bendi kongwe ya Mpanda, iko mbioni kutoa albamu mpya.

Milala Jazi ilikuwa bendi ya magitaa ya wazazi wetu. Ujana wao wote waliucheza kwa nyimbo zake, kisha bendi ikanyamaza kwa miaka mingi, watu wakabaki na kanda za zamani zilizochoka hadi waimbaji wakasikika kama wamo ndani ya mtungi. Habari hiyo ilipofika, mashabiki walikusanyika barazani kwa Fundi Remijio, mshona nguo, aliyekuwa mwenyekiti wao bila kupigiwa kura.

"Kanda naijua, santuri naijua," alisema Fundi, mguu wake ukiwa juu ya cherehani. "Sasa albamu ya nini? Mwanamuziki akianza kugawa picha zake, ujue sauti imekwisha."

Hakuna aliyebisha. Vijana ambao wangejua walikuwa shule za bweni, na mmoja aliyekuwepo alipofungua mdomo aliambiwa asiwafundishe wakubwa. Tangu siku hiyo ikawa ni kushuku tu. Wengine walisema mpiga solo amekakamaa vidole. Wengine walisema mwimbaji ameokoka na muziki wa dunia ameuacha, na kwamba magitaa yenyewe yameuzwa, kimenunuliwa kinanda kinachojipiga chenyewe. Ndiyo maana wanaleta sura badala ya nyimbo. Mimi ni mtu wa kushuku hadi leo, nikipewa chenji naitazama pande zote mbili, na nadhani nililipata gonjwa hilo pale barazani.

Fundi, hata hivyo, alikuwa na tumaini lake. Aliamini picha zitakuwa za dansi za zamani, na kwamba yeye hatakosa kuwemo kwa sababu alikuwa akicheza mbele kabisa, karibu na spika. Akamgeukia Mama, aliyekuwa akipita na beseni lake la maandazi.

"Na wewe shemeji, si umekulia jirani na ukumbi wao? Humo hukosekani."

Mama alicheka kicheko kifupi. "Mimi nilikuwa nasikilizia dirishani," akasema, akaendelea na safari yake.

Baba alikuwepo, akingoja kifungo chake kishonwe. Alikuwa mkulima wa mpunga, Mpimbwe mtulivu, mtu wa kutafuna neno kabla ya kulitoa. Aliitazama barabara hadi Mama alipopotea. Jioni ile nikamsikia akisema peke yake, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Mambo yangeishia hapo kama Mama angetulia. Lakini hakutulia. Kila pikipiki iliyofika kutoka Mpanda aliiendea na maandazi, na akiwa anahesabu chenji aliuliza kwa sauti ya chini kama albamu ya Milala imetoka. Baba alipomuuliza, akasema ametumwa na Fundi. Baba akaenda kwa Fundi. Fundi, ambaye hakujaliwa kuficha kitu, akasema hajamtuma mtu.

Nilikuwa uani na Mama, tukipepeta mchele, Baba aliporudi.

"Mama Sesi, nani yumo kwenye hiyo albamu?"

"Nitajuaje, na haijafika?"

"Lakini unaiulizia."

"Si nyie wote mnaiulizia?"

"Sisi tunaulizia bendi. Wewe sijui unamuulizia nani. Picha yako ikionekana humo na mwanaume, utaifuata hukohuko kwenu Mpanda."

Mama aliendelea kupepeta. Mimi niliogopa. Nilianza kulichunguza begi lake nione kama linajaa. Akikunja kanga nilimfuata nyuma, akisalimiana na mwanaume nilimkariri yule mwanaume sura. Kanisani nilimwomba Mungu pikipiki inayoleta albamu itumbukie mtoni, dereva apone.

Dereva alipona, na albamu pia. Ilifika siku ya gulio, mchana. Fundi alikuwa amefuta meza na kumwagiza kila mtu anawe mikono, kwa sababu albamu haishikwi na mikono ya mafuta. Baba alisimama mbele, Mama nyuma karibu na nguzo, nami katikati nikiwatazama wote wawili. Dereva akaingiza mkono ndani ya jaketi, akatoa kanda.

"Na albamu?" akauliza Fundi.

"Ndo hiyo."

"Hii si kanda?"

"Ndo albamu yenyewe, mzee. Nyimbo zikiwa nyingi pamoja wanaita albamu."

Fundi alifungua kasha, akachomoa karatasi ya ndani, akaigeuza, akaikung'uta kana kwamba picha nyingine zingedondoka. Ilikuwepo moja tu, ndogo, ya wazee wameketi kwenye viti mbele ya ukuta. Baba aliichukua akaisogeza kwenye mwanga. Mwanamke hakuwemo. Nikaona mabega yake yakishuka, nami nikapumua. Akampelekea Mama ile karatasi. "Tazama, wamezeeka kweli," akasema, na kwa Baba huko kulikuwa kuomba radhi kwa mdomo mpana.

Kanda ikawekwa. Fundi alitega sikio kwenye spika kama daktari, akasema huyu si mpiga solo wetu, huyu ni mwingine. Wimbo wa pili ulipofika katikati, mguu wake ulikuwa unakanyaga cherehani isiyo na kitambaa. Wimbo wa tatu ukaja na sauti za wanawake kwenye kiitikio. Watu wakapiga makofi. Mama akajifunga kanga vizuri, akasema ameacha unga umeumuka, akaondoka. Baba alimtazama kwa jicho lile lile la kushuku. Mimi nilidhani Mama ameona aibu.

Baba alifariki bila kuuliza tena. Niliyeuliza ni mimi, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, tukichambua mchele na Mama uani palepale.

Akaniambia kwamba dirishani alisikilizia kweli, mpaka siku moja wakamwita aingie. Masika nzima aliimba kiitikio kwenye mazoezi. Walitaka kumchukua, babu akakataa, na haukupita muda akaolewa Majimoto.

"Kwa hiyo uliogopa picha," nikasema.

"Picha ipi? Mimi kijana wa pikipiki alinieleza siku ya kwanza kwamba albamu ni nyimbo."

"Na ukamwacha Baba ateseke?"

"Ningemwambia, angeniuliza nimeijulia wapi, na ninaitakia nini." Alitupa kijiwe pembeni. "Nilitaka kumsikia aliyekaa pale pangu. Nilikuwa naomba aimbe vibaya, Sesi. Aliimba vizuri. Alipandisha hata pale mimi nilipokuwa naishiwa pumzi."

Akaendelea kuchambua. Nilijaribu kukumbuka kama niliwahi kumsikia akiimba, hata kanisani, nisikumbuke. Baba alimshuku kuwa na mwanaume, mimi nilimshuku kuwa na aibu. Kuwa na sauti hakuna aliyemshuku, na tulikuwa tunakaa naye nyumba moja.