Kitabu Kisichorithiwa

Baba alikufa akiwa ameazima kitabu. Kilikuwa cha ufugaji wa nyuki, cha maktaba ya Musoma, na yeye hakuwahi kufuga hata nyuki mmoja. Alikuwa karani kwenye kiwanda cha pamba hapa Bunda. Jioni alimsomea mama kwa sauti, huku mama akichambua pamba ya shamba letu, safi huku, fifi, ile yenye madoa, kule. Mama hakusoma shule. Anasema alichopenda ni ile sauti; habari za nyuki ziliingia sikio hili zikatokea lile.

Siku ya kumaliza matanga, ukoo ukakaa kugawa vitu vya marehemu. Ndiyo desturi yetu, na sisi watoto wa kike tulijua kazi yetu ni kutazama. Koti likaenda kwa baba mkubwa, baiskeli kwa baba mdogo. Redio sijui ilikwenda kwa nani, ila iliondoka ikiwa bado inaimba. Baba mdogo alipokinyanyua kitabu, mama akasema kwa upole, "Hicho si chake. Ni cha maktaba, nitakirudisha." Cha kuazima hakirithiwi. Wakakiacha.

Mama akakifunga ndani ya kanga, na hakukirudisha. Kila nilipokuwa nakwenda Musoma nilimuuliza kama nikipeleke, naye akajibu, "Mwezi ujao." Nilimtania kwamba polisi wako njiani. Huo mwezi ujao umenikuta nina wajukuu.

Mwaka huu, macho yamepungua nuru na magoti hayamtii tena, akaniambia mwenyewe, "Twende tukakirudishe." Nilishtuka. Kitabu kile ndicho kitu pekee cha baba alichobaki nacho, na mzee anapoanza kurudisha vya watu, anaaga. Niliumia sana, lakini mama yangu habishiwi. Tukapanda basi asubuhi.

Njiani kitabu kilikuwa kimelala mapajani mwake. Tulipoipita njia ya kwenda Butiama akalipapasa jalada. "Baba yako alikuwaga anasoma polepole makusudi," akasema, "ili kisiishe."

Maktabani, msichana wa mapokezi alimwamkia shikamoo, akakifunua kitabu, akaiona mihuri ya zamani, akaenda kumwita mkubwa wake. Walirudi wanacheka kwa adabu. Yule mkubwa, mwanamke wa makamo, akakaa karibu na mama.

"Bibi, hiki tulishakifuta kwenye orodha siku nyingi," akamwambia. "Hatukudai kitu. Kaa nacho tu, sasa ni chako."

Nilifurahi kupita kiasi. Niliona tumepona: mama angerudi Bunda na kitabu chake, safari hii bila kumdanganya mtu yeyote. Nikamgeukia nikitegemea kuona anatabasamu.

Mama alikisukuma kitabu juu ya meza, akakirudisha kwao.

"Hapana, mwanangu. Kikiwa changu, nikifa watakigawa." Kisha akanishika mkono, akanivuta mpaka mezani. "Kipokeeni. Halafu mumwazime huyu binti yangu."

Nilijiandikisha maktaba siku hiyo, nikilia mbele za watu.