Matumbawe ya Marehemu Ouma

Nakumbuka, mwanangu, mchana tuliporudi Kaloleni, hapa Kisumu, baada ya kumzika kaka yangu Ouma. Wifi yangu Akinyi, mjane wake, hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi la kioo sebuleni, akainama, akatazama ndani, kisha akaketi sakafuni. Mimi nilikuwa msichana bado, mdomo wangu mwepesi kuliko akili. Nilidhani amechoshwa na safari.

Nikueleze kwanza habari ya hilo tangi. Kaka yangu aliwahi kufanya kazi Mombasa, na aliporudi huku kwetu ziwani alikuja na mapenzi ya ajabu ya kufuga matumbawe ndani ya nyumba. Watu walimcheka. Mjaluo aliyezaliwa kando ya ziwa anaweka bahari sebuleni, na wala hali kilichomo! Lakini ukiketi mbele ya kile kioo, taa yake ya buluu ikiwaka, ukayaona yamefunguka, mengine yakipepea taratibu kwenye mkondo wa pampu, ulinyamaza mwenyewe. Ouma alisema matumbawe ni viumbe hai, si mawe, na hayapendi kushtuliwa. Joto lisipande ghafla. Stima ikipotea, pampu iwe na betri. Zaidi ya yote, chumvi isizidi wala isipungue. Haya yote alimfundisha mkewe akiwa kitandani hospitalini, ameshajua kwamba hatarudi nyumbani. Wengine huacha wosia wa ng'ombe na mashamba. Yeye aliacha huo.

Kwa desturi yetu mjane hukaa kijijini kwa mumewe hadi matanga yaishe, hawezi kuzika leo akakimbilia mjini kesho. Basi Akinyi akamwachia nyumba Waya Pesila. Waya ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kijaluo. Huyu alikuwa dada ya baba yetu, na miguu yake ilikuwa imevimba, asingeiweza safari. Akinyi alimwonyesha mstari kwenye kioo.

"Maji ikishuka hapa, Waya, unaongeza tu hii ya mtungi. Hii tu."

Joto la Kisumu unalijua. Maji yalipungua kila siku, na Waya aliufuata ule mstari vizuri. Ila moyo ulimuuma. Viumbe vya baharini vinanyweshwa maji matupu, na mwenye kuvitunza amekufa! Kabatini kulikuwa na mfuko wa chumvi ya tangi. Basi kila alipoongeza maji alitupia na konzi ya chumvi. Alipoyaona matumbawe yanajikunja, aliona yana njaa, akaongeza nyingine. Kuuliza si ujinga, lakini angemuuliza nani, nasi sote tuko msibani?

Tuliporudi yalikuwa meupe. Nyama yake ilikuwa imebanduka na kubaki mifupa.

"Nimewapatia chumvi kila siku," Waya alisema, akijivuna kidogo, maana alikuwa bado hajaelewa. "Hakuna siku wamekosa."

Nilingoja Akinyi apige kelele. Ningekuwa mimi, ningepiga. Yeye alisema polepole, "Jua inakunywa maji tu, Waya. Chumvi haiendi. Ile ya kwanza yote ilikuwa bado ndani."

Waya alijishika mdomo. Halafu akalia kilio ambacho hakukilia hata Ouma alipokata roho. "Mos, nyathina. Mos." Pole, mwanangu, pole. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Akinyi akamshika bega, ikawa mfiwa ndiye anayembembeleza mfariji. Sijawahi kuona uchungu kama ule.

Jioni majirani na watu wa kanisa wakaja kutoa pole. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu, lakini wako wageni wa kumzidishia mwenyeji ugonjwa. Mmoja alisema ni mpango wa Mungu. Mwingine alisema heri Akinyi bado kijana, atapata mwingine. Wa tatu alitaka asimuliwe upya jinsi Ouma alivyokufa. Akinyi alikuwa akiitikia tu kwa kichwa, midomo imekauka. Mimi nami sikukubali kupitwa, nikakohoa, nikaanza, "Wifi, sasa lazima uwe na nguvu, unajua Ouma hangetaka..."

"Nyamaza, Atieno!" Waya alinikata. "Nyinyi wote nyamazeni. Mimi nimeua vitu ya huyu mtoto na chumvi, nikidhani nawalisha. Na nyinyi mnaongezea yeye chumvi? Ako na yake ya kutosha. Mtu asimame alete maji."

Nilisimama mimi, uso ukiniwaka kwa aibu, nikamletea glasi ya maji. Akinyi aliinywa ile glasi yote kwa pumzi moja, akashusha kichwa, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemkataza. Tulikaa naye kimya mpaka giza likaingia. Matumbawe hayakufufuka. Tulilimwaga tangi wiki hiyo hiyo, na Akinyi hakufuga tena.

Mwanangu, siku hizi nasikia vijana wa Milimani wanafuga matumbawe. Kama nawe utafuga, kumbuka kwamba yanapungukiwa na maji, si chumvi. Na ukienda kwa mfiwa, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usimpelekee msiba alio nao tayari. Muulize anakosa nini, na kama hawezi kujibu, osha vyombo, chota maji, keti. Upendo usiouliza huua, hata ukitoka kwenye moyo safi kama wa Waya wangu.

Mungu akujalie mkono mpole na sikio lililo wazi. Na siku yako ya msiba ikifika, maana itafika, akuletee mtu mmoja mwenye glasi ya maji na mdomo uliofungwa.