Kibuyu Nilichokiosha

Katikati ya miaka ya tisini nilifundisha sanaa darasa la tano, shule ya msingi karibu na Kimulot. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kiwandani, kwa hiyo nilikulia kwenye majani chai, lakini katika nyumba za kampuni. Jikoni kwa wenyeji nilikuwa sijaingia.

Wanafunzi wangu wote walichora nyumba moja: mlango katikati, madirisha mawili, jua pembeni. Hata walioishi kwenye nyumba za mviringo walichora hiyo hiyo. Nikawaambia kila mmoja alete kitu cha nyumbani chenye umbo zuri, tukichore tukikitazama.

Alhamisi meza ilijaa: kikapu cha kuchumia chai, sufuria iliyobonyea, boga. Msichana mmoja, aliyelelewa na nyanya yake, alileta kibuyu cha maziwa chenye shingo ndefu na kifuniko cha shanga.

"Kogo ameniazima leo tu," alisema. Kogo ndiye nyanya. "Nikikirudisha salama, kitakuwa changu nikiolewa."

Wakati wa mapumziko nilipanga vitu vile. Kibuyu kiliacha unga mweusi kwenye kitambaa changu cheupe. Nikachungulia ndani: masizi matupu. Nilikipeleka bombani, nikatia sabuni ya unga na changarawe, nikakitikisa mpaka maji yakatoka meupe. Nilidhani nimemtendea mtoto wema.

Aliporudi alikinusa kabla hata ya kuketi.

"Mwalimu, nani ameosha?"

"Ni mimi. Kilikuwa kichafu."

Sauti ikatoka nyuma ya darasa: "Wueh! Kogo yako atakunywa povu!"

Walicheka wote isipokuwa yeye. Hakuchora chochote. Jirani yake ndiye aliyenieleza: kibuyu husuguliwa ndani kwa kaa la mti wa senetwet, na weusi ule ndio unaoyapa mursik, maziwa yao ya mgando, ladha yake na kuyahifadhi. Sabuni ikiingia, haitoki upesi.

Jioni nilimsindikiza.

"Utasema ni wewe?" aliniuliza.

"Nitasema ni mimi."

Aliniuliza tena mara mbili kabla hatujafika.

Nyanya alikuwa akikama. Alinisikiliza, akakinusa kibuyu, akanitazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Wewe ni wa ziwa?"

"Ndiyo, Kogo."

"Huko mnajua kuosha samaki. Maziwa hamjui."

Kisha akamwambia mjukuu maneno ya Kikipsigis, naye akainamisha kichwa. Nilimuuliza amesemaje.

"Amesema kama kibuyu ni changu ama si changu, ataona."

Nyanya alileta kijiti chenye kaa jekundu, akakisukuma ndani ya kibuyu, akanipa ufito wa kusugulia. Moshi ulinitoa machozi.

"Kaza mkono, Mwalimu. Hapa hufuti ubao."

Nilirudi kila Jumamosi kusugua. Maziwa ya kwanza alipewa mbwa. Aliyanusa akaondoka zake. Ya pili aliyanywa nusu. Kila Jumatatu asubuhi msichana alinisubiri mlangoni mwa darasa kunipa habari hizo, bila salamu, kama mtu anayeuguza mgonjwa. Wenzake wakaanza kumuuliza pia, hata yule wa povu. Yeye mwenyewe bado hakuwa amechora hata mstari mmoja, nami sikumlazimisha.

Wiki ya nne alikuja na chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi.

"Kogo amesema uonje wewe kwanza. Ukikaa sawa mpaka jioni, na yeye atakunywa."

Nilikunywa nimesimama mbele ya darasa, naye akinitazama koo. Palikuwa na moshi, majivu kidogo, kisha uchachu uliokaza taya.

"Sabuni iko?"

"Haiko."

"Kweli, Mwalimu? Usiseme tu ili nifurahi."

Nikanywa tena, polepole, nikiitafuta kwa ulimi. "Haiko."

Kesho yake alifika mapema kuliko wote, akanikuta nikifungua madirisha.

"Kogo alimaliza kikombe," alisema. "Akajiongezea." Akaanza kutabasamu kabla hajalimaliza lile alilotaka kusema. "Amekiweka kibuyu juu pale kwa ukuta, upande wa kitanda changu."