Hodi Chini ya Madhabahu

Sakafu ya kanisa letu ilinuka vumbi lililonyunyiziwa maji. Kila Jumapili asubuhi mimi ndiye niliyeinyunyizia, maana mtoto wa mchungaji hana likizo, na ndiyo sababu nilikuwa wa kwanza kusikia. Nilikuwa na miaka tisa. Nimeinama na ndoo mbele ya madhabahu, mara ko, ko, ko, kutoka chini. Nilitimua mbio hadi kwa mama, naye akasema ni panya. Panya gani huyo anayehesabu hadi tatu?

Tuliishi pembezoni mwa Geita, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Baada ya wiki mbili mlio ule ukasikika katikati ya ibada, mchana kweupe, na minong'ono ikaanza. Mzee Masanja, mzee wa kanisa ambaye nyumba yake ilipakana na kanisa, ndiye aliyeikoleza: ardhi imemkataa mchungaji. Walikuwa hawaelewani tangu baba alipokataa uwanja wa kanisa uchimbwe dhahabu. Hata kumwita Mchungaji aliacha, akawa anamwita "Baba Kabula" tu, kwa jina langu, kama wamekutana mnadani. Watu wakasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mabenchi yakaanza kubaki matupu. Baba akakonda, hali, halali. Siku moja nikaiona barua yake ya kujiuzulu ndani ya Biblia, imebakiza sahihi tu. Nilimchukia Mzee Masanja kwa moyo wangu wote, Mungu anisamehe.

Jumapili iliyofuata baba alikuwa anahubiri. Ko, ko, ko. Akina mama wakawakumbatia watoto wao. Baba alinyamaza, akapiga magoti, akalaza sikio sakafuni. Kabla ya wito alikuwa mchimbaji. Aliwahi kufukiwa na kifusi, akaokolewa kwa sababu aligonga mwamba na wenzake wakamjibu. Akainua kichwa. "Hiyo ni nyundo, si mizimu. Kuna watu wanachimba chini yetu, na sakafu hii inaweza kutitia. Tokeni taratibu, msikimbie."

Wote walitoka. Mimi kichwa ngumu nikabaki mlangoni. Baba akaokota jiwe, akagonga mara tatu. Kimya. Akagonga tena. Ndipo jibu likaja, polepole, karibu mno, kama mtu anayegonga kwa kiganja: mara tatu. Baba akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Jioni ile ilijulikana kwamba shimo lilianzia jikoni kwa Mzee Masanja. Wazee wenzake walitaka atangazwe na kufukuzwa siku hiyohiyo, lakini baba alikataa. Alikwenda kwake kupiga hodi, hakufunguliwa. Kesho yake akaenda tena, na keshokutwa. Nilimuuliza kwa nini anajidhalilisha hivyo. "Kule chini mtu akigonga unamjibu," alisema. "Huulizi kwanza kama mnapatana." Siku ya tisa mlango ukafunguka. "Karibu, Mchungaji," alisema Mzee Masanja. Walilifukia shimo pamoja, na ile barua mama aliitumia kuwashia moto wa chai.

Miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa, Mzee Masanja aliniita. "Kabula, siku ile nilikuwa nimesimama nje. Baba yako alipogonga mara ya kwanza, vijana wangu wote wanne walitoka mbio wakaja uani kwangu, nikawaona. Alipogonga mara ya pili, kule chini hakukuwa na mtu." Akanishika mkono. "Sasa nani alimjibu?"

Leo mimi ndiye mchungaji, Shinyanga mjini. Kanisa lina marumaru na vipaza sauti, na siku hizi ugomvi haugongi, unaingia kwenye simu kabla hata hujanawa uso. Wazee wangu wa kanisa hawaitikii salamu zangu. Nami nina barua, imebakiza kutumwa tu. Jana mchana, kanisa likiwa tupu, niligonga sakafu mara tatu, kisha nikainuka upesi nikatoka. Kusema kweli, niliogopa nisije nikajibiwa. Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa wazee, nikapiga hodi. Ndani redio ikazimwa. Nilisimama juani mpaka miguu ikauma.

Kesho narudi.