Nilimzika Mama Mkwe Akiwa Shambani

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Mimi si mtu wa kubembeleza. Nimelea watoto saba kwa kiboko na maombi, na kosa ninalolisema hapa ningemchapa mtoto yeyote kwa nusu yake. Lakini lilikuwa langu, na mimi hakuna aliyenichapa.

Ilikuwa miaka ya sitini, tukiishi Chawia, huku Taita, na mama wa mume wangu. Alikuwa na mkanda wa ngozi ya mbuzi, mpana kama kiganja, umeshonwa shanga nyekundu, nyeupe na buluu. Ulikuwa wake tangu kuolewa. Aliuweka darini juu ya meko, moshi uzuie wadudu, na mara kwa mara aliushusha akaupaka mafuta ya mbarika. Ulinuka. Mimi nilikuwa nimeokoka, nina gauni la kola na viatu vya kufunga, na akina mama wa kanisa walikuwa wamenichagua mwenyekiti. Wageni wakija, nilimwomba Mungu wasikunje pua.

Mkanda ule ulikuwa umeahidiwa. Binti yangu wa kwanza ana jina la nyanya yake, na siku ya kuolewa angevalishwa na nyanya mwenyewe. Nilijua. Msije mkasema sikujua.

Siku moja akaja mama mmoja na gari, kutoka jumba la makumbusho la mjini. Mji gani, sisemi. Alikuwa akikusanya nguo na mapambo ya wanawake wa zamani. Nikamshushia mkanda. Akaushika kama mtoto mchanga.

"Mwenyewe yuko wapi? Ningependa anieleze alivyouvaa."

Mwenyewe alikuwa shamba la chini, akichuma maharagwe. Ningemwita mara moja tu angeitika. Lakini angeitika na kukataa.

"Alishatutoka," nikasema.

Yule mama akanishika mkono, akanipa pole, machozi yakamlenga. Akaandika. Akaniachia sukari na leso mpya, ati rambirambi. Nikapokea.

Jioni marehemu akarudi na kikapu cha maharagwe kichwani. Nikampikia chai, nikampa na ile leso.

"Chai tamu hivi," akasema, "nani amekufa?"

Watoto wakacheka. Mimi pia nikacheka. Akanibariki kwa ajili ya leso mpaka nikaona aibu, lakini si aibu ya kutosha.

Alipoukosa mkanda nikasema ni panya. Akatega mitego, akamtukana paka miaka mingi. Paka yule aliishi na akafa na jina baya kwa ajili yangu.

Halafu macho yake yakaingia mtoto wa jicho. Wakati huo binti yangu alikuwa akisomea ualimu mjini, mji ule ule, akamtafutia hospitali. Tukapanda treni Voi, mimi na mama mkwe. Upasuaji ukaenda vizuri. Bandeji zilipotolewa, binti akasema, "Nyanya, macho mapya yanataka kitu kizuri. Nawapeleka makumbusho."

Nikasema miguu inaniuma. Nikasema twende sokoni. Nikasema treni itatuacha.

"Treni ni ya jioni, mama," akasema, akamshika nyanya yake mkono.

Ndani ya kioo kulikuwa na mwanamke wa kitambaa asiye na kichwa. Mama mkwe akasimama.

"Huyu amevaa mkanda wangu. Na wamemvalisha juu chini."

Mlinzi akaja. "Nyanya, usiguse kioo."

"Nina haja gani na kioo? Nataka mkanda wangu."

"Mwenye huu alikufa zamani, nyanya. Si imeandikwa hapo?"

Binti akasoma kwa sauti, kama mwalimu: mkanda wa mwanamke wa Taita, ulitolewa na mke wa mwanawe baada ya mwenyewe kufariki.

"Mimi nina wana wa kiume wangapi?" nyanya akauliza.

"Ni baba peke yake, nyanya."

Akanigeukia na yale macho mapya. Hayakuwa na ukungu hata kidogo.

"Nilikufa na ugonjwa gani?" akaniuliza. "Nieleze, nisije nikaugua tena."

Wenye jumba hawakuwa wabaya. Walisema mkanda utarudi, bora yule aliyeutoa aje aseme mbele yao kwamba alidanganya. Yaani mimi. Mume wangu akaniambia nenda. Binti akaniomba kwa machozi, harusi ikikaribia. Mimi nikafikiria akina mama wa kanisa wakisikia kuwa mwenyekiti wao aliua mtu kwa sukari. Nikasema nitaenda baada ya mavuno. Mavuno yakaja, yakapita.

Binti akaolewa bila mkanda. Nyanya yake alimfunga kiunoni ile leso ya rambirambi, sasa imepauka, akaifunga kwa mkono wake mwenyewe mbele ya watu wote, akiniangalia mimi. Watu wakapiga vigelegele. Nami nikapiga.

Tangu siku ile ya kioo hakunywa chai yangu tena. Nikimpelekea alisema, kwa upole kabisa, "Mpe aliye hai." Binti naye alikuwa akija anapita jikoni kwangu bila kukaa, moja kwa moja kwa nyanya yake.

Mama mkwe akaja akafa kweli, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nikaambiwa nisimame kaburini niseme neno, mkwe wa pekee. Neno nililokuwa nalo ni alishatutoka, na nilikuwa nimeshalitumia.

Mkanda ungali kwenye kioo, juu chini. Wajukuu wangu wanapelekwa na shule kuuangalia, wanarudi kunisimulia jinsi wanawake wa zamani walivyopendeza.

Basi ukitaka kutoa kitu cha mzee, muulize angali anaitika. Nyumbani kwangu nimetoa amri, na hata wakamwana wameishika: mgeni akiniuliza na sipo, asijibiwe lolote zaidi ya kwamba nimeenda shamba. Apewe kiti. Na mmoja wenu akimbie kuniita.