Madirisha ya Mama Kabura

Kwa miaka kumi na tisa Nicanor Mabonga alitia madirisha katika nyumba za Eldoret, na hakuna mtu aliyewahi kumwita arudi kwa sababu ya maji. Alilisema hilo bila haya. Alichokijua kuliko wenzake ni ile nafasi inayobaki kati ya fremu na ukuta. Wengine waliifunika kwa plasta wakaenda zao. Yeye aliifagia vumbi, akapuliza povu la kopo, akangoja lifure na kukauka, akalikata kwa kisu, ndipo akapitisha silikoni kwa nje. Upepo wa huku, alikuwa akisema, hauhitaji mlango.

Mwezi wa tano alipelekwa na mkubwa wake, Wanjohi, kwa Mama Kabura, mwalimu mstaafu kwenye barabara ya Kaptagat. Mama alitaka madirisha yake ya chuma yaliyoliwa na kutu yatolewe, yatiwe ya aluminiamu, maana kifua chake hakikuweza tena baridi. Walipofika chumba chake cha kulala, povu likaisha. Mabonga alitaka wamalizie kesho yake. Lakini Wanjohi alikuwa ameahidi kuanza nyumba nyingine Sugoi asubuhi. Akararua mfuko wa simiti, akaukunja karatasi kwa karatasi.

"Shindilia hii, upitishe silikoni juu. Nani ataona ndani ya ukuta?"

Mabonga akashindilia. Alijiambia ni upande mmoja tu.

Jioni Mama Kabura akapitisha kiganja kando ya fremu, akamwuliza yeye, si Wanjohi: "Nicanor, hapa umeziba vizuri?"

"Nimeziba, Mama."

Mvua ya Julai ilipiga upande ule ule. Mama alipompigia Mabonga simu, alikuwa ametoka kulazwa hospitalini siku tisa. Wanjohi alisema hana nafasi, basi Mabonga akaenda peke yake na makopo ya povu aliyojinunulia. Alikuta ukuta wa kitandani umeota ukungu mweusi na godoro limeegemezwa sebuleni. Alimwomba Mama akapumzike kwingine wakati anafanya kazi. Mama akavuta kiti, akaketi pale pale.

Hakukuwa na njia nyingine. Alikata silikoni, akavuta, na karatasi ikatoka imelowa, ndefu kama utumbo, maandishi ya simiti bado yakisomeka.

Mama aliitazama ikidondosha maji sakafuni. "Nimefundisha watoto miaka thelathini na nne," akasema. "Mtoto akinidanganya nilikuwa namjua kwa macho. Na wewe nilikuangalia macho."

Jina la Wanjohi lilimfika Mabonga kwenye ulimi, akalimeza. Aliyesema "nimeziba" hakuwa Wanjohi. Aliomba msamaha. Akaziba upande ule kwa uangalifu ambao hakuwahi kuuweka kwenye kazi yoyote, Mama akimhesabia kila pumzi kwa kikohozi chake.

Wiki iliyofuata alikutana mjini na Wanyama, fundi ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfunza kazi. Wanyama alisema, akitazama pembeni, kwamba Mama Kabura alimwita akague lile dirisha.

"Nilimwambia limezibwa vizuri sana, hata mimi siwezi hivyo. Akasema nitoe yote, nianze upya."

Jumatatu Wanjohi akapiga simu: kuna kazi Timboroa. Mabonga akaenda.