Uyoga Wenye Kipete

Jana binti yangu alirudi kutoka pembezoni mwa mtaa wetu wa Misunkumilo na beseni la uyoga. Mvua za kwanza zimeshanyesha, unajua tena. Nilipounusa tu, utoto wote ukanijia. Lakini shina lake lilikuwa na kipete chembamba kilichonitia shaka, nikachukua simu.

Injini ya kwanza ya kutafutia mtandaoni ilinipa tangazo la dawa ya kupunguza tumbo, kisha picha ya meno yaliyooza, ndipo maelezo: uyoga huu unalika, tena unaongeza nguvu za kiume. Sikuridhika, nikafungua ya pili, halafu ya tatu. Zote zikaleta maelezo yale yale, neno kwa neno, hata kosa lilikuwa moja: kote waliandika "uyonga". Mtu mmoja kaandika ovyo, wengine wamenakili. Nilikuwa kama mtu aliyekwisha kunywa ndipo akaona funza kwenye kata ya maji.

Kijijini Magamba nilikokulia, uyoga haukuingia jikoni kwa neno la mtu mmoja. Bibi alituamsha alfajiri, tukaingia porini majani yakiwa bado yanadondosha maji, tukarudi miguu imejaa tope jekundu. Aliumwaga kwenye ungo, akapasua mashina kutafuta funza, kisha akamwita jirani yetu, mtu wa kabila la Wabende, mwenyeji wa pale. Baada yake aliitwa mke wa mfugaji, Msukuma aliyehamia na ng'ombe kutoka kaskazini. "Msiulize watu wawili waliofundishwa na mtu mmoja," bibi alizoea kutuambia.

Siku moja jirani alikuwa ameshasema uyoga ni mzuri. Karanga zilikuwa zimetwangwa, chungu kiko motoni, na sisi tumekaa tunameza mate. Mke wa mfugaji akachukua mmoja, akaugeuza, akaurudisha polepole.

"Mama, unaofanana na huu ulimuua mdogo wangu," alisema. "Siwezi kuwaambia nyie mle."

Jirani alikereka, akasema kwao wanaula tangu enzi za babu zao. Bibi aliwasikiliza wote wawili hadi mwisho, kisha akabeba ungo na kwenda kuumwaga uyoga chooni. Tulilia kama tumefiwa. Mchana ule tulikula ugali na mchuzi wa karanga tupu. Jirani alikuwa amenuna, lakini alibaki akala na sisi, bega kwa bega na mke wa mfugaji.

Na mimi jana niliumwaga. Binti yangu alilalamika kwamba simu imekubali mara tatu. Nilimwambia imekubali mara moja, ikarudia.

Ningempeleka wapi akaulize? Bibi alishafariki. Jirani alihamia Majimoto kwa wanawe, na yule mke wa mfugaji alifuata malisho, hatujui yuko wapi. Pori letu limepimwa viwanja.

Siku ile ya utotoni, kabla bibi hajaumwaga, mwalimu wa shule yetu naye alipita uani, akaonyeshwa uyoga. Aliutazama sana, akasema, "Huu siujui," akaaga. Hakuna aliyemcheka. Jana nilipekua kurasa mpaka macho yakauma, zinazouza dawa na zinazonakili, na hakuna hata moja iliyokuwa na adabu ya kuniambia hivyo.